Jinsi ya Kueleza Safari ya Anga Bila Kufungua Kinywa

Jumatatu, 3 Machi

Watu wanne wanakwenda angani wiki hii. Si wanajeshi, si watu wa serikali. Kampuni imejenga roketi na kuuza viti, kama basi. Nahodha alishawahi kwenda, kisha akastaafu, kisha akashindwa kukaa nyumbani. Watatu wengine ni mara yao ya kwanza. Jumatano wanarushwa, Alhamisi wanafika kwenye kituo cha anga. Kituo hicho kinaizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu, na watu wanaishi humo. Wanalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani. Huko hakuna kulala chali, kwa sababu hakuna chini.

Nimesoma yote. Nimesoma hata wanavyopiga mswaki.

Leo Mwalimu wa Fizikia ametangaza kwamba shule nzima itatazama chombo kikifika, bwaloni, kwa projekta. Matangazo ni ya kigeni, maneno ni ya kifundi. Kwa hiyo anataka mwanafunzi mmoja ashike kipaza sauti na kueleza.

Nikaitaka kazi hiyo kuliko chakula cha mchana.

Kuna tatizo. Tangu nianze shule hii, neno refu kuliko yote nililowahi kulisema darasani ni "Nipo", wakati wa kuita majina.

Jirani yangu wa dawati alinyoosha mikono yote miwili. Tunamwita Spika, maana hana mahali pa kumpunguzia sauti. Mimi nilinyoosha wangu mpaka usawa wa sikio. Mwalimu akaniuliza kama sikio linaniuma.

Nikasema kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Majaribio. Spika alitangulia. Alitangaza kama mpira. Chombo kilipiga chenga, kikamwacha beki, kikatua juu ya paa la kituo. Darasa likagonga madawati.

Kutua! Kituo hakina paa! Hakuna kinachotua! Chombo na kituo vyote vinakimbia kilomita elfu ishirini na saba na zaidi kwa saa, na bado vinakutana polepole, kama Mama anavyotia uzi kwenye sindano. Tofauti ni kwamba huku sindano, uzi na Mama mwenyewe wote wanaanguka kuizunguka dunia.

Nikasema "hakitui". Nilidhani nimesema moyoni. Kumbe mdomoni.

Mwalimu akasema haya, njoo mbele utufafanulie. Nilikwenda. Nikageuka. Macho themanini. Koo likafunga kama duka. Nikalionyesha kwa kidole.

Mwalimu alinihurumia. Akasema nitajaribu tena kesho, nikishindwa basi ni Spika, na bwalo zima litasikia habari za beki.

Nilipokuwa narudi kwenye dawati, wazo likanishukia. Koo! Mwenye koo bovu hatakiwi kuongea. Lakini anaweza kuwa amejirekodi kabla halijaharibika. Sauti yangu itakuwa mbele ya shule nzima na mimi nitakuwa nyuma, kimya, kama wahandisi wenyewe.

Sielewi kwa nini watu wengine hawafanyi hivi.

Jumatano, 5 Machi

Jana jioni nilirekodi. Sebuleni haikuwezekana, cherehani ya Mama inanguruma. Nikachukua simu yake, nikaingia jikoni, nikajifunika shuka. Dakika kumi na nne za maelezo. Sauti ilitoka bila kutetemeka, kwa sababu ndani ya shuka hakuna watu. Mama aliita mara moja, nikaitika, nikaendelea. Simu haikunasa. Shuka ni nzito.

Sikuisikiliza mpaka mwisho. Siipendi sauti yangu.

Asubuhi nikamsikilizisha Mwalimu dakika ya kwanza. Akavua miwani. Akauliza imekuwaje sauti nzuri hivi na koo limekufa. Nikamwandikia ubaoni kwamba sauti hunijia nikiwa nyumbani tu. Hilo si uongo. Akakubali. Ila akamwambia Spika akae karibu na kipaza sauti, rekodi ikigoma aendelee yeye.

Spika alinitazama sana. Akasema ugonjwa huu umesoma.

Kuna habari mbaya. Roketi haikuruka. Upepo. Watu wanne walivaa, wakapanda, wakafungwa mikanda, wakaambiwa shukeni. Nahodha alicheka tu. Mimi ningelia. Kwa hiyo wanafika Ijumaa. Kwenye rekodi sikutaja siku. Tazama jinsi nilivyopanga vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Imeruka!

Nimeitazama nyumbani, Mama akiwa kwenye cherehani na mdogo wangu chini ya meza. Mdogo wangu anaitwa Kwanini, na sababu ni hiyo hiyo. Mwanzoni palikuwa na moshi tu. Kisha ule mnara ukaanza kupanda, taratibu, kama mtu mnene anayeinuka kwenye kochi, nikadhani utaanguka. Kisha moto ukarefuka kuliko roketi yenyewe. Mama akatoa mguu kwenye cherehani. Sijawahi kumwona akiutoa kabla ya mshono kuisha.

Sehemu ya chini ilijitenga, ikarudi duniani peke yake, ikasimama wima kwa miguu yake. Ya juu ikaendelea. Ndani walikuwa wamefunga mwanasesere wa kitambaa kwa uzi. Alikuwa ananing'inia kama anavyoning'inia mwanasesere yeyote. Injini zikazimika. Na yule mwanasesere, hakuna aliyemgusa, akainuka. Akaanza kuelea mbele ya uso wa nahodha, akigeuka kidogo kidogo, uzi ukiwa umelegea.

Dakika tisa. Mimi dakika tisa sijamaliza kufunga viatu.

Mama akarudisha mguu kwenye cherehani. Kisha akaniuliza, "Na mama zao wako wapi saa hizi?"

Nikamwambia wako palepale, wanatazama. Nikamweleza na mengine yote, mafuta, mzunguko, kwa nini hawaanguki. Nusu saa nzima. Kwanini akatoka chini ya meza akauliza, "Dada, si uliniambia koo lako limekufa?"

Nikamwambia limekufa la shuleni.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Bwalo lilijaa hadi madirishani. Mwalimu Mkuu mstari wa mbele. Ukutani, weusi, na katikati ya weusi nukta nyeupe. Simu ya Mama ikawekwa kwenye kipaza sauti. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Spika alikaa mbele akikunja vidole.

Sauti yangu ikaanza. Ilikuwa nzuri! Watu walinyamaza. Nukta ikawa kitone, kitone kikawa chombo, cheupe, pua yake wazi. Nikaanza kufikiri kwamba mimi ni mtu hodari.

Kisha rekodi ikatangaza, "Sasa vimegusana!"

Ukutani, chombo kilikuwa mita mia mbili kutoka kituoni. Tena kilikuwa kimesimama. Mwendo wao na mwendo wangu ulikuwa haujakutana tangu dakika ya tatu. Rekodi haikujali. Ikaendelea kwa furaha: "Vyombo hivi viwili, baada ya safari ndefu..."

Na hapo, humo humo kwenye rekodi, kwa sauti iliyofika mpaka getini, akaingia Mama. "We mtoto! Na hivyo vyombo vilivyojaa kwenye sinki vitaoshwa na nani, nahodha?"

Nikasikika nikiitika, mzima wa afya, "Abee, Mama!"

Sitaeleza kicheko. Mwalimu Mkuu aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanaruka. Mwalimu wa Fizikia alizima simu. Spika alikuwa ameshasimama.

Ukutani chombo kilikuwa bado hakisogei. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akauliza, mbona kimeganda, kimeharibika? Mwingine akauliza, wale watu watakufa? Kicheko kikapungua. Spika akashika kipaza sauti akasema jamani hali ni mbaya, chombo kimekwama, tunaomba utulivu.

Utulivu wa nini! Hakuna kilichokwama! Watu wanne walikuwa wanafanya jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma, na shule nzima ilikuwa inaambiwa ni ajali.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa Spika. Nikasema, "Hakijaharibika. Kinapiga hodi."



Nikawaambia kwamba hakiruhusiwi kuingia tu. Kinakuja, kinasimama mbali. Walioko ndani wanakitazama dirishani, walioko duniani wanasoma mitambo. Wakiridhika, wanasema karibu. Kinasogea, kinasimama tena. Tena kinasubiri. Kwa sababu wenye nyumba wako ndani, na nje ya nyumba hiyo hakuna hewa.

Nikatulia. Ukutani, chombo kikaanza kusogea, kama kilikuwa kinanisikiliza.

Mita ishirini, kikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema hodi, kwa sauti ndogo, wala hakuwa anatania. Tukasubiri. Bwalo zima likasubiri. Nilimwona mpishi ameshika mwiko hewani. Kisha sauti ya kigeni ikasema neno moja, na mimi nikalitafsiri: "Karibu."

Na watoto wote, wale waliokuwa wakinicheka, wakasema karibu.

Kikaja polepole kuliko mtu aliyebeba chai iliyojaa hadi ukingoni. Chini yake dunia ilikuwa inapita, bahari, wingu, bahari. Kikagusa. Hapakuwa na kishindo. Vitu viwili vikawa kimoja.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka. Tulikaa mpaka mlango wao ukafunguliwa, na wale wageni wakaingia wakielea, kichwa mbele, nywele za mmoja zimesimama zote. Wenyeji wakawakumbatia. Kukumbatiana kule, hakuna aliyekuwa amesimama!

Spika alinijia mlangoni. Akasema, "Koo gani hilo, mwenzangu?" Kisha akasema yeye asingelipata lile neno la hodi. Alilisema kwa sauti ya chini. Sikujua anayo.

Mwalimu anataka nieleze tena watakaporudi duniani.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amesikia. Ameosha vyombo mwenyewe, bila neno, jambo lililonitisha. Kisha akawaambia majirani wote kwamba leo jua likizama kituo kitapita juu ya nyumba zetu, na binti yake atakieleza.

Uwanja ukajaa. Viti vikatolewa. Mama, kidole bado kina kastabini ya kushonea, akasema, "Haya, mwanangu."

Koo likafunga kama duka.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikaeleza nikiwa huko. Kikatokea juu ya paa la jirani, cheupe, bila kumetameta, bila mlio wowote, kama nyota yenye haraka. Nikawaambia humo ndani kuna watu kumi na mmoja, na wanne kati yao juzi tu walikuwa wanakanyaga ardhi kama sisi. Nikasikia jirani mmoja akivuta pumzi na kusahau kuitoa. Kikavuka anga lote, kikaingia kwenye kivuli cha dunia, kikazimika.

Jirani mmoja akauliza sauti ile ilitoka wapi. Kwanini akamwambia ni ya tangi.

Walisikia kila neno! Kwa hiyo jawabu ninalo. Baada ya wiki mbili, chombo kikirudi, sitashika simu wala kipaza sauti mbele ya mtu. Nimeshapima: nyuma ya pazia la bwalo panaenea kiti kimoja na mimi.