Nyumba Namba Kumi na Nne

Kambi ya reli, Ugogo
6 Februari 1910, mwaka wa pili tangu niondoke nyumbani

Kwa Baba Mkwe, Mzee Wendelin, ng'ambo ya mto, Ifakara.

Shikamoo, baba. Mimi mkwe wako Eustaki ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo siku hizi ni wa reli. Barua hii atakusomea katekista Hilari. Namwomba asiikimbize kama anavyokimbiza sala chakula kikiwa mezani.

Nina malalamiko juu yako. Bwana mkubwa wa kambi anaanzisha kijiji cha watu wa reli. Nyumba ziko mstari mmoja, kila mtu anajenga yake kwa mfano uleule, na kila mlango una namba. Mimi nimetengewa kumi na nne. Bei yake ni kuweka dole gumba kwamba nitafanya kazi hapa miaka mitano mingine, na kuleta mke kabla ya Pasaka, maana kapera hapewi. Nawe umeniletea jibu kwamba mke wangu Digna havuki mto, na kwamba mpunga wa mwaka huu ukivunwa sijarudi, utamruhusu aolewe na mwingine. Hapo umenionea, baba. Sababu zangu ni hizi:

1. Huku hakuna mafuriko, wala kiboko hali mpunga wa mtu. Ni kweli kwamba mpunga wenyewe haupo, na maji tunaletewa na treni katika mapipa. Hilo sikulijua mapema. Nilipopewa kiwanja nilichimbia nguzo ndefu, nikainua sakafu juu kama dungu letu la kulindia mpunga. Kambi nzima ilikuja kutazama. Mnyapara wetu, Tadei, alipita chini yake akiwa amesimama wima, kisha akaniuliza kwa upole, "Eustaki, unangoja gharika gani? Huku hata machozi hukauka kabla hayajafika shavuni." Nilizikata nguzo. Nyumba ya binti yako basi ni imara, ila fupi kidogo.

2. Nyumba zote ni sawa, kwa hiyo hakuna wivu. Juzi nilitoka kazini nimechoka, nikaingia, nikaketi, nikala, nikalalamika kwamba mboga haina chumvi. Mwenye nyumba alipofika ndipo nilipokumbuka kwamba mimi hapa sina mke. Ilikuwa namba kumi na tano.

3. Hakuna ndugu wa kuja bila taarifa, wakakaa mwezi mzima, wakaondoka na kuku. (Hilari, hapa usimtazame mama mkwe.) Nilipougua homa nilipumzika vizuri sana. Hakuna aliyenisumbua kwa pole, wala kwa uji.

4. Utasema nimedanganywa. Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nimewahi kuamini ahadi moja tu, ile ya maji ya kuzuia risasi mwaka wa vita, na hata siku hiyo nilisimama mstari wa nyuma. Kaka yangu Viktor alisimama mstari wa mbele. Tangu hapo kila ahadi naigeuza kwanza. Hii ya bwana mkubwa nimeigeuza pia; upande mmoja niliona nyumba, upande wa pili niliona miaka mitano, nikairudisha upande wa nyumba.

Naomba basi umruhusu Digna. Asipokuja, namba kumi na nne atapewa mwenye mke, nami nitarudishwa kwenye banda la makapera, kulala kando ya mtu anayesaga meno.

Nisalimie mama, wote wa nyumbani, na mbuzi wangu kama bado ni wangu.

Mkwe wako mtiifu, nisiyekubali kushindwa,
Eustaki

Nimesahau jambo. Hilari, hii usiisome kwa sauti. Msomee Digna peke yake.

Digna, usifunge mzigo. Jana ilinyesha mvua kubwa, ya kwanza tangu nianze kujenga. Wenzangu walikimbilia ndani. Mimi nilitoka nje, nikasimama nikingoja maji yapande. Ardhi iliyanywa yote, nikabaki nimesimama pale kama nguzo. Tadei alikosea kuhusu machozi. Yangu yalifika kidevuni. Dole sijaweka. Kazi niliyoandikiwa inakwisha mwezi huu. Baba yako mwache aendelee kudhani nabishana naye. Wewe fungia mtumbwi upande wa mto nitakaotokea mimi. Nitafika mpunga ukianza kuinamisha vichwa.