Vikombe vya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Mama mkwe anakuja Jumapili kukagua vyombo vyake vya kauri, vile vyenye ukingo wa dhahabu. Alipowaoza binti zake aliwagawia: mke wangu vikombe, dada yake sahani. Sasa anataka vikae pamoja tena, kwa binti aliyevitunza vizuri zaidi. Mke wangu anavipenda tangu utotoni. Na vikombe vyetu ndani ni vyeusi kwa utando wa chai. Mnywaji chai ni mimi, sawa. Lakini mume wa shemeji, huyo ninayemwita Bwana Asili, alikuwa na haja gani ya kuchungulia ndani ya kikombe jana mbele ya watu? Eti kwake vyombo huoshwa kwa vitu vya asili tu. Akatabasamu! Nitamkomesha.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwaga siki juu ya magadi. Povu hilo! Limepanda, limefurika, limefika sakafuni. Nikashangilia peke yangu jikoni. Povu lilipotulia, weusi ule ule. Mke wangu akasema siki na magadi vikikutana vinamalizana vyenyewe, doa linabaki linatazama. Nani kamuuliza?

Jumatano, 6 Machi
Majivu, ndimu na dodoki kavu. Kila nikimkumbuka Bwana Asili naongeza nguvu. Weusi umekwisha! Kikombe cheupe pe! Kisha nikaona ukingo wa dhahabu nao umekwenda. Dhahabu gani hii inayoogopa majivu? Mama mkwe alipunjwa, na huyo aliyemuuzia angekuwa karibu ningempa vidonge vyake. Lakini akili ninayo. Kikombe kimoja kisicho na dhahabu ni aibu. Vyote vikiwa hivyo ni mtindo. Nimevisugua vyote.

Ijumaa, 8 Machi
Mtindo una kasoro: sahani za shemeji bado zina dhahabu. Nimekwenda kwao, nikamvuta Bwana Asili pembeni, nikamnong'oneza kama ndugu kwamba siri ya kung'arisha ukingo ni majivu na ndimu, na asugue bila huruma. Akanishukuru mno, akanishika kwa mikono miwili. Bwege! Nimecheka njia nzima.

Jumapili, 10 Machi
Fedheha. Sahani zimefika zinawaka. Mama mkwe akauliza zinaoshwa kwa kitu gani. Shemeji akajibu kwamba ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, na mumewe hajawahi kuosha hata kijiko. Nikafurahi. Hapo Bwana Asili, aibu imemjaa, akanichomea: akasema alikuwa mbioni kuanza, ila majivu niliyomshauri hajayapata. Mama mkwe akashika kikombe, akapitisha kidole ukingoni, akaniuliza polepole, baba, umekifanyaje. Upole ule umeniuma kuliko tusi. Akasema vyote viende kwa shemeji. Mke wangu akavifunga kwenye magazeti kimoja kimoja, machozi yanamtoka. Na yote haya kwa sababu ya yule mnafiki! Ningemrushia kikombe, kama kingekuwa bado chetu.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu hanisemeshi. Jana mlangoni mama yake alimhurumia, akamwachia kikombe kimoja. Amekificha kabatini nyuma ya unga, akidhani sijamwona. Sasa ametoka kwenda kazini. Bado nina hasira, sikulala, lakini dawa nimeipata: manjano na ute wa yai. Nitapaka ukingoni kwa unyoya, kisha nitakiweka juu ya makaa hadi rangi ishike. Dhahabu ya asili kabisa! Akirudi atanikumbatia, na Bwana Asili ajinyonge kwa wivu.

Jiko limeshakolea moto.