Kete Nyeusi na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Fundi mzee kastaafu. Meza yake ya dirishani iko wazi! Mwanga wa bure kutwa nzima. Mimi nashona suti nyeusi kwenye kona ya giza, macho yamechoka, juzi nimebandika mfuko juu ya mfuko. Lazima niipate. Tatizo ni Dada Pindo, mshonaji mwenzangu. Naye anaitaka. Bosi kasema tumalizane wenyewe, yeye asisikie kelele. Basi, sataranji, Ijumaa mchana. Tumepiga kura, nimeangukia kete nyeusi. Mwenye nyeupe, Dada Pindo, ndiye anayeanza. Nuksi!

Jumanne, 5 Machi
Mpiga pasi wetu ni mtu na nusu! Kanivuta pembeni, kanipa siri. Mwenye nyeusi asikimbilie katikati. Asogeze askari hatua moja moja, farasi nyuma yao, asijifunge na mpango wowote mpaka mwenzake aonyeshe wake. Hapo anaweza kugeukia popote. Akili yote hiyo, na kutwa ananyoosha kola! Nimemuuliza kama naye haitaki meza. Kasema hana haraka. Mstaarabu kweli.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi hadi nyumbani. Mke wangu kauliza nakula sasa au baadaye. Nimemjibu yote yanawezekana. Kafunika sufuria, kaondoka zake.
Kazini nilimchungulia Dada Pindo na gauni la harusi. Hapimi mara mbili, hafumui. Mkono ule! Raha kuutazama. Kesho atanitambua.

Ijumaa, 8 Machi
Dakika ishirini kila mmoja, zikikuishia umeshindwa. Dada Pindo kaja na jeshi zima katikati. Mimi taratibu, hatua moja moja. Hakunila hata askari! Kulia naweza, kushoto naweza. Nikawa nazitazama njia zangu zote, nzuri ajabu, nichague ipi? Mpiga pasi akakohoa. Muda umekwisha. Nimeshindwa nikiwa na kete zote kumi na sita.
Dada Pindo kanipa mkono, kasema hajawahi kuona mpangilio mzuri namna ile. Nimefurahi hadi nikasahau kukasirika.

Jumamosi, 9 Machi
Makubwa! Dada Pindo kasema ameona ninavyobana macho. Meza naitaka? Niichukue leo leo. Roho nzuri iliyoje! Nilitaka kupiga kelele ndiyo. Nikajizuia, huenda ana mpango. Nikajibu kwamba sikatai, sikubali, aniache kwanza nitazame. Akaniangalia weee. Kisha akasema haya, kaka.

Jumatatu, 11 Machi
Dirishani yuko mpiga pasi. Na pasi yake, na kikombe chake cha chai. Kumbe Dada Pindo alimuuliza Jumamosi jioni kama anaitaka meza, akajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Mjanja yule, namvulia kofia! Lakini nani kajifunga? Yeye! Mimi bado naweza kwenda popote.
Bosi kapita sasa hivi na koti la mteja, anauliza nani kashona mikono miwili ya kushoto. Sijasema ni mimi. Wala sijasema si mimi.