Sahihi ya Mkwe

Tangazo lilibandikwa getini Jumapili asubuhi, na kabla gundi haijakauka Mkasi alikuwa ameshalisoma mara mbili, akalipiga picha kwa simu, akaja mbio kwenye benchi la Bi Buli, ng'ambo ya barabara.

"Jamani, huko juu sasa watatufungia hata pumzi!"

"Kaa kwanza, unamwaga kahawa za watu," alisema Bi Buli, buli lake likiwa mkononi kama kawaida.

Benchi hilo lilikuwa chini kabisa ya mlima, likitazamana na geti. Hapo hukaa wale wanaoufanya mtaa wa mlimani uonekane mtaa: Mkasi, anayepunguza majani ya uzio, Komeo, mlinzi wa geti, saa zake za mapumziko, na Mzee Koki, fundi bomba, ambaye hakuna choo kule juu kinachokubali kumeza maji bila yeye kukibembeleza. Siku hiyo Mzee Koki hakuja na spana. Alivaa koti lililopigwa pasi mpaka viwiko vinang'aa. Binti yake, aliyeolewa nyumba namba kumi na nne kule juu, alikuwa amejifungua. Mjukuu wa kwanza huyo! Lakini wodini aliruhusiwa kuingia baba wa mtoto peke yake, kwa hiyo siku ya sita sasa Mzee Koki alikuwa babu wa kusikia tu.

"Hebu soma," alisema.

Mkasi akakohoa kama mtangazaji. "'Kuanzia leo, kila kichwa kinachoingia lazima kiwe kwenye orodha. Mgeni aombewe ruhusa siku mbili kabla. Mafundi ni marufuku Jumapili, isipokuwa kwa dharura.'"

"Kila kichwa?" Bi Buli akauliza. "Na wale nyani wanaoruka ukuta?"

"Nyani hawajui kusoma, watasamehewa."

"Na ukungu je? Unaingia kila asubuhi, sijauona ukiandikisha jina."

"Wewe unasema ukungu! Mbwa wana kadi, tena zenye picha! Kuna mmoja ametabasamu kwenye picha kuliko mimi siku ya harusi yangu."

"Mlima mzima wameuzungushia ukuta," alisema Bi Buli, "utadhani walisikia unataka kutoroka."

Mzee Koki hakucheka. "Nani kasaini?"

Mkasi akachungulia ndani ya kikombe chake. "Aa, mzee, maandishi yenyewe madogo..."

"Nani kasaini, Mkasi?"

"Katibu wa kamati."

Bi Buli akaliweka buli mezani. Katibu wa kamati ya wakazi alikuwa mkwewe Mzee Koki, baba wa mtoto huyo huyo.

"Kijana mzuri yule," alisema Bi Buli, kwa sauti ya mtu anayesifu viatu vinavyombana.

Mzee Koki akatoa simu. Akampigia binti, hapatikani. Akampigia mkwe, naye hapatikani. "Wameshapanda," alisema. "Walitakiwa kutoka hospitali jana. Ukungu ukishuka hivi, kule mtandao hufa kabisa."

"Basi ingia kifundi," Mkasi akamshauri. "Si wamesema dharura inaruhusiwa? Sema kumi na nne kunavuja."

"Nikamwone mjukuu wangu kwa uongo?"

"Uongo uko wapi? Mtoto wa siku sita anavuja usiku na mchana, na hakuna aliyemfungia koki!"

Bi Buli alicheka mpaka akashika meza. Hata Mzee Koki akacheka, kidogo tu, kisha akasimama akanyoosha koti. "Siingii kifundi. Naingia kibabu. Komeo, twende kazini kwako."

Komeo, ambaye muda wote alikuwa anajaribu kujifanya kitu kidogo pembeni, akashtuka. "Kaka, usinifanyie hivyo. Hapa nimevua kofia, wewe ni kaka yangu. Nikishaivaa, kamera ile inanitazama mimi. Nina watoto wanne."

"Ivae."

Komeo akamaliza kahawa yake kwa huzuni, akavuka barabara, akavaa kofia, akageuka. Uso haukuwa ule.

"Habari za asubuhi. Nikusaidie nini, mzee?"

"Komeo, mdomo wako bado una kahawa tuliyokunywa pamoja!"

"Jina lako nani?"

"Loo!" benchi likapiga kelele. "Kashamsahau! Kofia ile ina dawa!"

"Sinki la kibanda chako hicho nimefunga mimi," alisema Mzee Koki. "Nakwenda kumi na nne, kumpakata mjukuu wangu."

Komeo akapitisha kidole kwenye orodha. "Kumi na nne... bwana, bibi, mbwa. Mjukuu simwoni."

"Lakini mbwa yumo?"

"Yumo, na picha yake."

Mzee Koki alikuwa anatafuta tusi la kiutu uzima pale honi ilipolia nyuma yake. Gari la mkwe! Mkwe kwenye usukani, binti kiti cha nyuma, na kifuani pake furushi jeupe.

"Baba!" binti aliita dirishani. "Daktari katuchelewesha, na simu zote mbili zimezima chaji!"

Komeo akainama, akahesabu kwa kidole. "Kimoja, viwili..." Kidole kikaganda juu ya furushi. Akaitazama kamera. "Bosi, mna kichwa kimoja zaidi."

"Kichwa gani? Huyu mwanangu!"

"Sikatai, bosi. Hayumo."

"Ana siku sita!"

"Tangazo linasema kila kichwa. Halikusema cha ukubwa gani. Wa kuruhusu ni mwenyekiti, na simu yake haipatikani, ukungu."

"Mimi ndiye katibu!"

"Naam, bosi. Sahihi naiona. Nzuri sana."

Binti akafungua mlango. "Mume wangu, wewe endelea kusaini. Baba, njoo umpokee mjukuu wako."

Binti akavuka barabara na furushi lake, baba yake nyuma, akaketi kwenye benchi. Mzee Koki alipewa furushi. Mikono iliyokaza mabomba ya mlima mzima ikalipakata kama bomba la kioo. Mtoto alipiga mwayo, akamshika babu kidole, akalala.

"Kakubana, mzee?" Mkasi alinong'ona.

"Nyamaza."

Komeo akaja na daftari la wageni. "Samahanini. Jina la mgeni?"

"Bado hana."

"Kazi yake?"

"Kulala," alijibu Bi Buli.

"Sababu ya ziara?"

Mkwe, aliyekuwa ameacha gari getini akawafuata, akajifuta jasho. "Baba, kanuni hii tutairekebisha kikao kijacho."

"Lini hicho?"

"Baada ya miezi sita."

"Vizuri. Atakuwa anakaa mwenyewe, ahudhurie."

Mara simu ya Komeo ikashika mtandao, ikalia. Alisikiliza, akaitikia, akarudi anachekelea. "Mwenyekiti kakubali! Kibali cha mgeni wa kutwa. Mwisho saa kumi na moja jioni."

Binti alimtazama mumewe kwa jicho ambalo hakuna kamati ingelipitisha. Mzee Koki akamrudishia mtoto polepole.

"Baba, panda twende wote," alisema mkwe, macho chini.

"Siku mbili kabla, mwanangu. Umesaini mwenyewe." Akaketi, akageuza uso kuelekea getini. "Bi Buli, niongezee kikombe. Saa kumi na moja wanamtoa, nami nampokea hapa hapa."