Risasi za Bibi Zinavyong'aa

Jumatatu, 9 Juni

Wewe unayesoma, funga mlango kwanza. Neno lisitoke hapa, tafadhali. Hasa lisimfikie Miwani, karani mwenzangu katika ghala la silaha la walinzi wa mashamba. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Alhamisi Mkuu wa ghala atampima Bibi, bunduki kuukuu iliyosalia kutoka vitani. Bibi akifanya vizuri, nimeajiriwa. Akigoma, narudi kwenye mkeka, sebuleni kwa shemeji.

Risasi zake zimefubaa. Aibu! Nimezipaka zote rangi ya kucha ya dada, ile isiyo na rangi. Zinang'aa kama meno ya mtu wa kwenye tangazo. Miwani kauliza mbona ghala linanukia saluni. Nikasema ni sabuni mpya.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Maganda ya risasi za kwanza yaliteleza nje kwa adabu. Bibi alipopata joto, komeo linalofunga risasi ndani likakataa kufunguka. Mlinzi akalipiga kwa kiganja, kisha kwa kisigino. Nikaeleza, kwa sauti ya msomi, kwamba kidoana kinachovuta maganda kimechakaa. Miwani akasema kidoana kilichochakaa hakingoji bunduki ipate joto. Kijicho kitupu!

Alhamisi, 12 Juni

Tumemtia Bibi kidoana kipya. Bado anang'ang'ania! Nikashuku springi. Mkuu hakunijibu. Akangoja Bibi apoe, akapitisha burashi pale risasi inapolala. Burashi ikatoka na utando wa kunata. Akanusa. Akampa Miwani naye anuse.

"Mkuu," Miwani akasema taratibu, "hii ndiyo ile sabuni mpya."

Mkuu akanigeukia. "Kijana, nguruwe pori akimvamia mlinzi, amwonyeshe risasi zinavyong'aa?"

Nikaomba kitambaa.

Ijumaa, 13 Juni

Sijafukuzwa. Majaribio yameongezwa. Nimeshinda nikisugua risasi kwa kitambaa, Miwani akinisimamia, miguu juu ya meza yangu. Dada anadai chupa yake.

Lakini kosa nimeligundua: rangi ya kucha haihimili moto! Seremala ana vanishi ya milango, anaapa hata sufuria ya moto haiachi alama. Jumatatu naanza na risasi za bastola ya Mkuu mwenyewe. Atafurahi!

Ukinihitaji, usiniulizie ofisini. Zunguka nyuma ya ghala, ukohoe chini ya dirisha la nondo. Miwani akiwa mbali, nami nitakohoa. Akiwa karibu, fuata harufu tu.