Boaz Haamini, Lakini Anasoma Kunishinda

Jumamosi, 5 Julai

Wivu ni dhambi. Najua. Kwaresima iliyopita niliwafundisha wenzangu somo hilo, tena vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini hapa niko peke yangu, kwa hiyo naandika: namwonea Boaz wivu.

Leo asubuhi Jumuiya yetu ya Mtakatifu Yuda Thadei ilisali kwake. Ilikuwa zamu ya mkewe, Anisia. Boaz mwenyewe ni fundi wa mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mtaani kwetu hapa Geita hakuna asiyejua kwamba haamini kama Mungu yupo. Ukimwita mpagani anakataa. Anasema wapagani wana matambiko, yeye hata hayo hana.

Desturi yetu, baba mwenye nyumba ndiye husoma Injili. Kwa Anisia huwa nasoma mimi, katibu, kwa sababu inayoeleweka. Nilishasafisha koo. Nilishasimama! Baba Januari, mwenyekiti wetu, akampa Boaz Biblia. Kwa mazoea tu. Mzee wa watu alikuwa bado na usingizi.

Boaz akapokea. Akasoma. Hakukwama popote. Alipofika pale Petro anapoanza kuzama, akashusha sauti, na Mama Januari akamshika mkono jirani yake. Nikisoma mimi, Mama Januari husinzia.

Tukanywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Wakamuuliza amejifunzia wapi. Akasema anaisoma kila jioni, na Ayubu anamrudia mara ya pili. Sasa anasoma ya nini, wakati haamini? Akajibu kwamba mtu hakatai chakula ambacho hajakionja. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa natafuna.

Kumbukumbu: Baba Januari anahamia Ushirombo mwezi ujao. Uchaguzi wa mwenyekiti mpya ni tarehe kumi na tisa. Kiti ni changu. Kila mtu anajua ni changu, wamebakiza kusema tu.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nilimfuata katekista Sostenes. Nikamweleza kwa uchungu kwamba Injili imeshikwa na asiyeamini, tena mwenye grisi kwenye kucha. Nilitegemea atashtuka. Akafurahi! Akasema laiti waliobatizwa nao wangeisoma, kuliko kuiweka kabatini na vyombo vya wageni. Kisha akaniuliza mimi nimefika kitabu gani. Nikamwambia nasoma kwa kuzunguka.

Nimerudi nyumbani, sikumkuta mke wangu. Ritha amekwenda kwa Anisia na kuku, eti wa kumtia moyo Boaz. Yule jogoo mwekundu! Mimi nimeamini tangu nikiwa mchanga mgongoni mwa mama. Hakuna aliyewahi kuniletea hata yai.

Jumatano, 9 Julai

Mama Januari amepita mbele ya duka langu la tindo, nyundo na taa za kichwa. Zamani akitaka neno la kupeleka msibani alikuja kwangu. Leo nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kupunguza mwendo, akaenda moja kwa moja kwa Boaz.

Aliporudi nilimwita. Akanieleza kwamba Boaz amemtafutia zaburi nzuri sana, na amemwambia wazi kuwa yeye haiamini, ila anadhani mfiwa itamfaa. Nikamuuliza haoni ajabu kupewa Neno na mtu wa namna hiyo? Akasema akiwa na kiu hamuulizi aliyechota maji anasali wapi. Kisha akasema wabeja, asante yao ya Kisukuma, na kwenda zake. Wabeja ya nini? Sijampa kitu.

Lakini Jumamosi tunasali kwangu. Baba mwenye nyumba ni mimi. Na katibu ndiye anayechagua somo. Nimechagua Mathayo sura ya kwanza, majina yote ya ukoo, kutoka Ibrahimu hadi Yusufu. Majina magumu hutenganisha wanaume na wavulana. Watamsahau Boaz.

Jumamosi, 12 Julai

Aibu! Aibu tupu!

Nilianza kwa kishindo. Isaka, Yakobo, Yuda, wote wakapita. Nikafika Salmoni akamzaa nani? Boazi! Limeandikwa kabisa, nami sikulikumbuka. Akina mama wakapiga vigelegele katikati ya Injili. Nyumbani kwangu! Na niliyelitamka ni mimi.

Baada ya hapo ulimi ukawa mzito. Yehoshafati alinitoa jasho. Kwa Shealtieli nikasimama kabisa. Sauti ikatoka mlangoni, taratibu, ikanitajia jina. Boaz! Alikuwa amemleta mkewe kwa pikipiki, akabaki pale amesimama. Akanisaidia na Zerubabeli, na Abiudi, na wengine wote hadi Yusufu. Alinitajia kwa upole, kama anayemshika mzee mkono kwenye ngazi. Ningependelea angenicheka.

Baba Januari akafunga sala kwa kusema kwamba mtu yule yuko karibu sana na wokovu. Pasaka ijayo akibatizwa, hatutapata mwenyekiti bora kuliko yeye. Kwa sasa tuchague wa muda, wa kumshikia kiti. Wa muda! Akanitazama mimi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiri sana, nimefikia uamuzi. Boaz asiamini.

Mungu anisamehe, ni kwa faida ya Jumuiya. Mtu wa kuongoka jana hawezi kutuongoza. Na tena ametulia hivyo alivyo, kwa nini kumsumbua? Nimefunga duka mchana, nimekaa na Biblia nikitafuta mistari isiyopatana ya kumpelekea. Ipo! Yuda Iskariote kwa Mathayo alijinyonga, kwenye Matendo akaanguka akapasuka tumbo. Na Kaini mke alimtoa wapi? Nimesoma leo kuliko mwaka mzima uliopita.

Ritha alinikuta nasoma, machozi yakamlenga. Akasema mfano wa Boaz umenigusa hata mimi. Nikafungua ukurasa mwingine.

Jumanne, 15 Julai

Sijui niandikeje.

Nilimfuata Boaz kazini, kwenye karasha. Ukikaa pale lazima upige kelele ndipo usikike, maana mashine ikinguruma hata mawazo yako huyasikii. Nikampigia kelele habari za Yuda. Badala ya kufurahi, akaanza kukitetea kitabu! Akapiga kelele naye kwamba waandishi walikuwa wawili, kila mmoja na lake la kusema, nisikionee. Nikaja na Kaini. Akasema hilo nalo limejibiwa kwa njia nyingi, akanitajia mojawapo, halafu akaongeza kwamba yeye bado haamini, ila kitabu kisomwe kwa haki.

Hasira zikanipanda. Mtu unampelekea mashaka ya bure, anayakataa! Nikavuta pumzi, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu, kwamba hayo yote ni hadithi, hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuamini kitabu hiki!

Na mtu akazima karasha.

Maneno yangu yalitoka peke yao, yakaenda mpaka ng'ambo ya barabara. Nikageuka. Mama Januari. Anisia. Ritha wangu. Katekista Sostenes juu ya baiskeli. Walikuwa wamemletea Boaz chakula cha mchana. Mama Januari akaweka hotipoti chini na kufanya ishara ya msalaba. Boaz, kwa nia njema kabisa, akawaambia wasinihukumu, kuna siku kila mtu hupita kwenye giza.

Jumamosi, 19 Julai

Uchaguzi umefanyika. Jina langu halikutajwa, isipokuwa kwenye maombi.

Nilijaribu kujieleza. Nikasimama nikasema kwamba naamini, naamini sana, nilikuwa namzuia Boaz tu asiamini. Hapo ndipo ikawa mbaya zaidi. Mama Januari akaanza kulia. Baba Januari akaniambia nikae, mwanangu, tunaelewa.

Mwenyekiti mpya ni Ritha. Mke wangu! Wamemchagua kwa sauti moja, eti kwa subira anayoonyesha kuishi na mtu wa mashaka. Kiti nilichokitamani kimeingia nyumbani kwangu na kunipita. Nilimpongeza. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, na moyoni nilikuwa naumia kweli kweli. Siandiki hili kwa mzaha.

Kazi yake ya kwanza: amemwomba Boaz anisomeshe Biblia. Boaz amekubali. Amesema kusoma tutasoma, kuamini nitajua mwenyewe.

Jumatano, 23 Julai

Nimeanza masomo. Mwanafunzi mimi, mwalimu mtu asiyeamini. Tumesoma habari za Kaini na Habili. Boaz akaniuliza, nadhani kwa nini Kaini alikunja uso? Nikamwambia Kaini alikuwa na hoja. Mtu amelima, ametoka jasho, ameleta mazao yake, halafu anasifiwa mdogo wake mwenye kondoo! Hapo upendeleo si upo? Boaz akaweka kidole kwenye mstari. Akauliza kama sioni chochote hapo kinachonihusu. Nikatafakari kwa dhati. Nikamwambia hapana, mimi sina mdogo.

Hata hivyo mambo si mabaya. Jumuiya nzima inanitembelea. Jana samaki wabichi. Leo asubuhi maziwa mgando. Mama Januari anakaa dukani kwangu akiniuliza moyo unaendeleaje, nami namwambia unayumba. Wananisikiliza! Nikikohoa tu wananyamaza. Nimeona hakuna haja ya kuharakisha kuamini.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeibiwa!

Mageni, muuza mitumba wa jirani, ambaye hajawahi kufikiri jambo lolote tangu azaliwe, leo kwenye Jumuiya amesimama na kusema kwamba naye ana mashaka. Machozi kabisa, na leso mkononi! Akina mama wakamzunguka. Mama Januari akaniacha nikiwa katikati ya sentensi. Jioni hii nimechungulia dirishani, wako kwake wote na vyombo vimefunikwa, na Ritha mwenyekiti ndiye anaongoza rozari.

Huyu hana mashaka hata kidogo. Namjua. Anaamini mpaka majini na mizimu! Mimi nimeteseka kuyapata mashaka yangu, nimesoma, nimeaibika mbele ya karasha, yeye anakuja kuyavaa kama shati la mtumba.

Kesho baada ya misa naenda kumshitaki kwa katekista.