Kituo cha Gari Moshi Barazani Kwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Simai, mtembeza wageni, kawaleta tena hapa Bububu. Kawasimamisha kwa Bi Mwanakheir, jirani wa mbele. Ati barazani kwake ndipo kilipokuwa kituo cha gari moshi lililokuwa likitoka mjini, zamani hizo. Nani kamwambia? Mwanakheir mwenyewe. Wageni wakampiga picha na kanga yake iliyotoboka. Mimi huku nimevaa mpya, hata salamu sikupata.

Jumanne, 15 Julai
Chini ya mtungi wangu kuna kipande cha reli. Marehemu mume wangu alikiokota, sijui wapi. Nimekisugua kwa mchanga, nimekisimika mbele ya baraza langu. Simai kapita, shikamoo Bi Riyama, marahaba, hebu tazama chuma hiki, mwanangu. Macho yakamtoka. Nikamwambia babu yangu ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kituo. Babu alikuwa mkwezi wa minazi, lakini angepewa kengele angeipiga.

Jumatano, 16 Julai
Wageni tele. Nimepigwa picha mpaka macho yanawasha. Mwanakheir kafunga dirisha. Chakula kimenishuka vizuri leo.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Wazee wa bao wamehamia barazani kwangu. Nawafukuza, wananijibu kituo ni cha watu wote, si umesema mwenyewe? Mwanakheir naye kaja na mto wake, kakaa pahala pangu penye kivuli. Nikamuuliza anataka nini. Anangoja gari moshi. Nikamwambia haliji. Akasema basi atangoja. Wakacheka wote, wapumbavu. Wageni nao wakauliza kituo gani hakina choo. Simai akawaonyesha changu. Foleni mpaka jikoni.

Ijumaa, 18 Julai
Wanaume wako msikitini, Mwanakheir kenda hitimani. Nimeking'oa chuma, nikakisimika kwake. Alasiri wote wakahamia huko: bao, wageni, mto. Nimekaa pahala pangu, miguu nimenyoosha. Raha.

Jumamosi, 19 Julai
Sina wa kumfukuza. Nimefagia baraza lisilo na taka. Huko mbele wanacheka, sijui wanacheka nini. Nimevuka kuwaambia wapunguze kelele. Mwanakheir kasema nafasi zimejaa, nisimame kama abiria wengine.

Jumapili, 20 Julai
Nimemwita Simai, nimemweleza ukweli wote. Kwa Mwanakheir watu walikuwa wakipandia tu. Kushukia ni kwangu. Choo nshakisafisha.